Jimbo, orodha au mseto: tupate wabunge kwa mfumo gani chama kimoja kinaposhika kila kona?

Mwaka 2010 nilikuwa wakala wa chama kimoja cha upinzani kwenye kituo cha kupigia kura, darasa la nne la shule ya msingi mkoani Morogoro. Kura tulizihesabu kwa mwanga wa chemli na tochi za simu. Msimamizi wa kituo anakunjua karatasi, anaisoma kwa sauti, anatuonyesha mawakala, kisha anailaza kwenye fungu lake juu ya dawati. Mafungu mawili ya ubunge yalikaribiana mpaka wakala wa chama tawala, aliyekuwa akinitania tangu asubuhi, akanyamaza. Tulipitwa kwa kura chache. Nikasaini Fomu Namba 21B, nikakunja nakala yangu, nikarudi nyumbani kwa miguu. Fungu letu likabaki pale pale kwenye dawati. Jimbo zima lilikuwa hivyo hivyo, na zile kura hazikufika Dodoma hata moja.

Nalikumbuka fungu lile kila mjadala wa katiba mpya unapoamka na mtu akasema, "Tuige Afrika Kusini, wao kila kura inahesabika." Mwingine atataja Lesotho. Mzee mmoja wa kijiwe cha kahawa mtaani kwetu huwasikiliza wote, anamwaga machicha ya kikombe chake, kisha anauliza lile lile: "Haya wanangu, huko mnakokusifu, jina la mgombea anakata nani?" Ni swali gumu kuliko linavyosikika, na nitalirudia kila hatua. Kwanza tuiweke mifumo yenyewe ubavu kwa ubavu.

Kura na viti

Chukua chama kilichoongoza, asilimia ya kura zake za ubunge, halafu asilimia ya viti vya kupigiwa kura alivyoondoka navyo:

Tanzania 1995, CCM: kura 59, viti 80.
Tanzania 2005, CCM: kura 70, viti 89.
Botswana 2014, BDP: kura 46, viti 65.
Lesotho 1998, LCD: kura 61, viti 99.
Afrika Kusini 2004, ANC: kura 70, viti 70.

Mstari wa mwisho peke yake ndio wa orodha: chama kinaandika majina yake, kisha viti vinagawanywa kwa uwiano wa kura. Minne ya juu ni ya jimbo: nchi inakatwa vipande, kila kipande kina kiti kimoja, anayeongoza hata kwa kura moja anakichukua. Angalia Lesotho ya mwaka 1998. Chama kilipata viti 79 kati ya 80. BNP, kilichopata karibu robo ya kura, kikaambulia kiti kimoja. Watu waliingia barabarani Maseru, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakavuka mpaka kwa jina la SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na sehemu kubwa ya katikati ya mji ikateketea. Mfumo ulikuwa umefuata sheria yake barabara. Ndiyo maana walipokaa chini baada ya moshi, waliibadili sheria yenyewe.

Jimbo

Nianze na uzuri wake, maana wanaoukashifu mfumo wa jimbo mara nyingi wanaishi mjini. Kijijini kwetu namba ya simu ya mbunge iliandikwa kwa chaki kwenye ukuta wa fundi baiskeli. Wengi hatukumpigia kura, lakini kivuko kilipochukuliwa na maji tulijua pa kupiga. Alipokea, akalalamika kwamba yeye si serikali, halafu akaja. Huwezi kuandika ukutani namba ya orodha yenye majina mia.

Uzuri wa pili ni kwamba jimbo linaweza kumgeuka hata mwenye nyumba. BDP iliitawala Botswana tangu uhuru wa mwaka 1966. Oktoba 2024 ilipata takribani asilimia 30 ya kura, ikawa ya pili kwa kura, lakini viti vyake vilikuwa 4 tu kati ya 61. UDC kwa asilimia kama 37 ikachukua 36 na kuunda serikali. Miaka mingi BDP ilikuwa inawapunja wenzake kwa mizani ile. Siku upepo ulipobadilika, mizani ile ile ikaipunja yenyewe. Kama ANC ingekuwa chini ya mfumo huo mwaka 2024, sijui ingebaki na nini.

Lakini hapo pana sharti: upepo uruhusiwe kuvuma. Kwa chama tawala chenye wafuasi waliosambaa sawasawa nchi nzima, mfumo wa jimbo ni kama shamba la bonde, mvua kidogo inatosha. Mpinzani anahitaji ngome. CUF ya mwaka 2005 ilikuwa nayo: kwa asilimia 14 ya kura ilipata majimbo 19, karibu yote Pemba. Chadema mwaka huo ilikuwa na asilimia 8 zilizotapakaa huku na kule, ikapata majimbo matano. Mwana-CUF wa Tandahimba na mwana-Chadema wa Singida walipiga kura kwa uchungu ule ule wa mwenzao wa Wete, na hawakuwa na wa kuwasemea.

Kuna mchezo mwingine ambao jimbo linaurahisisha: kiti kimoja kinanunulika. Kati ya mwaka 2017 na 2018 wabunge kadhaa wa upinzani walijiuzulu "kuunga mkono juhudi" za Rais Magufuli. Wa Kinondoni alikuwa CUF, wa Siha alikuwa Chadema. Wote wawili wakarudi bungeni Februari 2018 kwa tiketi ya CCM baada ya uchaguzi mdogo. Jimbo lilelile, sura ileile, shati ndilo lililobadilika. Mpiga kura aliyesimama foleni mwaka 2015 kumchagua mpinzani aliamka na mbunge wa kijani, na gharama ya uchaguzi wa marudio akailipa yeye.

Orodha

Afrika Kusini tangu mwaka 1994 inagawa viti 400 kwa uwiano wa kura, na hakuna kiwango cha chini: ukipata kama robo ya asilimia moja, una mbunge. Kwa nchi yenye chama kikubwa kimoja, huu ni mwavuli wa maana. ANC ilitawala miaka thelathini kwa wingi wa kura, na miaka yote hiyo vyama vidogo vilikuwemo bungeni vikiuliza maswali, vikikaa kwenye kamati, vikijifunza kazi. Ndiyo maana ANC ilipoanguka mpaka asilimia 40 mwaka 2024, ikabaki na viti 159, hapakuwa na mtikisiko wa kutisha. Vyama 18 viliingia bungeni, wakakaa mezani, serikali ya pamoja ikapatikana. Upinzani ulikuwa umeiva kwa sababu uliachwa ukae karibu na jiko.

Sasa uliza swali la yule mzee wangu. Jina anakata nani? Jibu ni: makao makuu ya chama. Mbunge wa orodha anayefukuzwa chama anapoteza kiti siku hiyo hiyo. Tarehe 8 Agosti 2017 Bunge la Cape Town lilipiga kura ya kutokuwa na imani na Jacob Zuma. Upinzani wote ulikuwa na wabunge 151. Kura za kumtaka aondoke zilikuwa 177, za kumbakiza 198. Maana yake wana-ANC wasiopungua 26 walimkataa rais wao, na waliweza kwa sababu moja tu: Spika, baada ya Mahakama ya Katiba kusema anayo mamlaka hayo, aliruhusu kura iwe ya siri. Kura za wazi zilizotangulia hazikuwa na ujasiri wa namna hiyo. Mbunge wa orodha anamwogopa aliyeiandika orodha, na huwezi kumlaumu.

Kasoro ya kukosa anwani nayo ni ya kweli. Vyama kule huwapangia wabunge wao ofisi za maeneo, lakini ni mpango wa chama, haumfungi mbunge kwa mpiga kura. Mwaka 2020 Mahakama ya Katiba iliona ni kinyume cha katiba kumzuia mtu kugombea bila chama, ndipo mwaka 2024 wapiga kura wakapewa karatasi tatu badala ya mbili ili wagombea binafsi wapate pa kusimama. Hakuna hata mmoja aliyeingia Bunge la taifa. Mlango ulifunguliwa, kizingiti kikabaki juu.

Watanzania wanaosema orodha ni kitu kigeni kwetu wamesahau viti maalum. Katiba yetu inavigawa kwa vyama vilivyopata angalau asilimia tano ya kura halali za ubunge, na majina yanatoka kwenye chama. Hiyo ni orodha, hata kama hatuiiti hivyo. Na tumeshaona inavyoweza kuharibika. Novemba 2020 wanawake 19 wa Chadema waliapishwa kuwa wabunge wa viti maalum. Chama kikasema hakikupeleka majina, siku tatu baadaye kikawafukuza uanachama. Wakaenda mahakamani, wakaendelea kukaa bungeni mpaka muhula ulipoisha mwaka 2025. Kwa katiba ile ile, mbunge anayekoma kuwa mwanachama wa chama chake anakoma kuwa mbunge. Kwa hiyo Afrika Kusini chama kina nguvu kupita kiasi juu ya wabunge wake wa orodha. Kwetu chama cha upinzani kilikuwa na majina yake kwenye orodha na hakikuwa na nguvu yoyote juu yao. Ukichagua orodha, chagua na nani anashika ufunguo wa kabati inamokaa.

Mseto, na Lesotho hasa

Mseto upo wa aina mbili, na hapa ndipo watu wanapochanganya mambo kijiweni na hata kwenye semina.

Wa kwanza ni wa kuongezea. Unachagua majimbo, kisha unagawa viti vingine pembeni kwa asilimia ya kura, bila kujali nani ameshashiba kwenye majimbo. Huo ndio wa viti maalum vyetu. Wa pili ni wa kufidia: unaanza na kuuliza kila chama kilistahili viti vingapi kwa jumla kwa kura zake, unatoa alivyokwisha kupata majimboni, pengo linajazwa kwa orodha. Aliyeshiba hapati tena.

Lesotho ilichukua wa kufidia mwaka 2002: majimbo 80, viti vya fidia 40. LCD ilipata asilimia 55 ya kura na majimbo 77. Kwa jumla ya viti 120 ilistahili kama 66, na ilikuwa imeshavuka, kwa hiyo haikupata hata kiti kimoja cha orodha. BNP, ambayo mwaka 1998 iliondoka na kiti kimoja, ilipata viti 21, vyote vya fidia. Chama tawala kikaendelea kutawala kwa raha zake, tofauti ni kwamba sasa kulikuwa na watu wa kukijibu.

Wanasiasa ni watu wenye akili. Mwaka 2007 mpiga kura alikuwa na karatasi mbili, moja ya jimbo na moja ya chama, na vyama vikubwa vikaona upenyo. LCD iliwaambia wafuasi wake: jimboni tupeni sisi, kwenye karatasi ya chama wapeni NIP, chama kidogo rafiki yetu. Chama kikubwa cha upinzani, ABC, kikafanya hivyo hivyo na LWP. Kwa hesabu, NIP kilionekana ni chama maskini kisicho na jimbo hata moja, kikafidiwa viti 21. LCD ilikuwa na majimbo yake 61. Ukivijumlisha, 82 kati ya 120. Fidia ikawa imegeuzwa kuwa nyongeza. Ugomvi ulidumu miaka, aliyekuwa Rais wa Botswana Ketumile Masire akatumwa kusuluhisha, na mwishowe wakaiondoa karatasi ya pili. Mwaka 2012 kura moja ya jimbo ilihesabiwa mara mbili: kumpata mbunge na kupima chama. Mwaka huo huo serikali ikabadilika mikono kwa amani kwa njia ya muungano wa vyama.

Yafuatayo pia yasemwe: muungano ule ulitetereka, mwaka 2014 kukawa na jaribio la mapinduzi, na nchi ikarudi kwenye sanduku mwaka 2015 na tena 2017. Anayekuambia mseto unaleta utulivu anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Unaleta uwakilishi. Utulivu unatafutwa kwingine.

Tuupime kwa namba zetu. Mwaka 2005 tulikuwa na majimbo 232 yaliyopigiwa kura na viti maalum 75. CCM ilichukua majimbo 206, kisha viti maalum 58. CUF viti maalum 11, Chadema sita. Wapinzani wote kwa pamoja, ukijumlisha na majimbo yao 26, wakawa 43.

Sasa iwe fidia. Viti vyote ni 307. Asilimia 70 ya hivyo ni kama 215. CCM ina 206 tayari, inaongezewa tisa. CUF kwa asilimia 14 na ushee ilistahili takribani 44, ina 19, inaongezewa 25. Chadema kwa asilimia 8 ilistahili kama 25, ina matano, inaongezewa 20. Vinavyobaki vinakwenda kwa vyama vidogo. Upinzani unakaribia wabunge 92 badala ya 43, na CCM bado ina wabunge zaidi ya theluthi mbili. Hakuna aliyenyang'anywa serikali. Hata idadi ya wanawake haiguswi, kwa sababu viti vyote 75 vya fidia vinaweza kubaki vya wanawake kama vilivyo leo. Kinachobadilika ni mstari mmoja wa hesabu.

Na karatasi ya pili hatuihitaji. Viti maalum vyetu tayari vinahesabiwa kwa kura ile ile ya mbunge, jambo ambalo Lesotho walilifikia baada ya kuumia.

Tatizo moja la kwetu ambalo Lesotho hawana: Muungano. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu Wazanzibari chini kidogo ya milioni 1.9 katika watu milioni 61.7, na Zanzibar ina majimbo 50 ya Bunge la Muungano. Ukipima kwa kura za nchi nzima, sauti ya Visiwani inapungua ghafla kwenye viti vya fidia. Ingebidi fidia ihesabiwe mara mbili, Bara peke yake na Zanzibar peke yake. Si kazi ngumu, lakini asiyeitaja mapema atakutana nayo Unguja.

Singapore nitaipitia haraka kwa sababu wengi huitaja kwa kupendezwa na barabara zake. Chama chake tawala, PAP, hakijawahi kushindwa tangu kabla ya uhuru. Tangu mwaka 1988 sehemu kubwa ya viti vyake ni vya timu: wagombea kadhaa wa chama kimoja wanasimama pamoja, ikishinda timu wanaingia wote. Chama kidogo kinachopata shida kumpata mgombea mmoja mzuri kinatakiwa kuwapata wanne au watano kwa mpigo. Mwaka 2001 viti 55 kati ya 84 vilijazwa bila kura kupigwa. Kupoza hali, tangu mwaka 1984 walikuwa wameshaweka utaratibu wa kuwaingiza wapinzani walioshindwa kwa kura nyingi kuliko wenzao, wabunge wasio na jimbo. Ni Bunge linalomkaribisha mpinzani baada ya kumwangusha. Sisi tutafute pengine.

Jina anakata nani?

Wazee hupenda kusema enzi za chama kimoja hapakuwa na uchaguzi. Si kweli kabisa. Mwaka 1965 karibu kila jimbo lilikuwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja ana alama ya jembe, mwingine nyumba, na Waziri wa Fedha, Paul Bomani, akaangushwa na wapiga kura wake. Mawaziri wangapi wa sasa wanalala wakiwa na hofu hiyo? Lakini wale wawili walipitishwa kwanza na Halmashauri Kuu ya TANU. Uchaguzi ulikuwa wa kweli kuanzia pale chujio lilipoishia.

Kenya ya KANU ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 1988 uteuzi ulifanywa kwa mlolongo, watu wakijipanga nyuma ya mgombea wao hadharani, na aliyetangazwa kupata asilimia 70 alipita moja kwa moja bila kura ya siri. Kulikuwa na sehemu ambako mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu, mchana kweupe, watu wakiwa wamesimama. Baada ya hapo aliyebaki na imani na sanduku alikuwa mvumilivu sana.

Kwetu chujio limehama mara kadhaa. Mwaka 2010 na 2015 wanachama wote wa CCM walipiga kura za maoni. Mwaka 2020 kazi ikarudi kwa wajumbe, na zaidi ya watu 10,000 walichukua fomu; ndipo nchi ikapata msemo wa "wajumbe si watu". Hata walioongoza kwa wajumbe hawakuwa salama, wapo waliokatwa juu. Mwaka 2025 majina yalianza kuchujwa na vikao vya juu kabla hata wajumbe hawajayaona. Palipo na chama kimoja kikubwa, hizi ndizo kura zinazoamua mbunge wa majimbo mengi, na mwaka 2020 zilipigwa na watu mia kadhaa ukumbini.

Upande wa pili wa chujio ni wapinzani kuenguliwa. Mwaka 2020 Spika na Waziri Mkuu walipita bila kupingwa, pamoja na wengine, wapinzani wao wakiwa wamekwama kwenye fomu. CCM ikamaliza na majimbo 256 kati ya 264. Mwaka 2025 Chadema haikuwemo kabisa: haikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, Tume ya Uchaguzi ikasema chama hicho hakitashiriki, na mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa mahabusu kwa shtaka la uhaini. Tarehe 29 Oktoba ikawa siku ya maandamano, risasi na intaneti kuzimwa. Ukiingiza namba za uchaguzi wa namna hiyo kwenye fidia ya Lesotho au orodha ya Afrika Kusini, jibu ni lile lile. Asilimia sifuri haifidiwi.

Basi uchague upi

Kama kwako kubwa ni kuwa na mtu wa kumpigia simu kivuko kikibomoka, na unaamini ipo siku chama tawala kitachokwa kama Botswana, baki na jimbo. Lakini lidai pamoja na mambo mawili: mgombea binafsi, na marufuku ya mbunge aliyehama chama kugombea tena jimbo hilo hilo kabla ya muhula kuisha. Bila hilo la pili unajenga soko.

Kama hofu yako ni Bunge la kijani tupu, na unaishi mahali ambako chama chako hakitakuwa na ngome katika miaka yako, orodha itakupa msemaji haraka kuliko kitu kingine. Utalipa kwa kuwapa wakubwa wa chama chako kisu. Kabla ya kukubali, uliza chama hicho kinafanyaje uchaguzi wake wa ndani. Vipo vyama vya upinzani ambavyo mwenyekiti amekaa miaka mingi kuliko marais watatu kwa pamoja. Orodha ya huko itaandikwa sebuleni.

Mimi nachagua mseto wa kufidia kwa kura moja, viti vya fidia vikiwa hivi hivi viti maalum tulivyo navyo, na majina yasiandikwe na makao makuu. Zipo nchi ambako kiti cha fidia anapewa mgombea wa chama aliyeshindwa jimboni kwa kura nyingi kuliko wenzake. Kwetu angekuwa mwanamke aliyesimama jimboni, akapigana, akapitwa kidogo. Hapo chama kitalazimika kuwasimamisha wanawake majimboni, siyo kuwatunzia orodha, na yule aliyepata kura nyingi bila kushinda ataingia Dodoma kwa kura za watu badala ya simu ya mtu. Rasimu ya katiba mpya ya Jaji Warioba ya mwaka 2013 ilitaka kila jimbo liwe na wabunge wawili, mwanamke na mwanamume, wote wa kupigiwa kura. Ilikuwa njia nyingine ya kufika karibu na hapo hapo, nayo ikakatwa.

Nilimweleza mzee hesabu zote hizi, za viti 307 na fidia 75, nikichora kwa kijiti mavumbini. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kwenye huo mseto wangu mtu asiye na chama anaweza kugombea. Nikamwambia Mchungaji Mtikila alishinda kesi hiyo Mahakama ya Afrika, pale Arusha, Juni 2013. Akaniuliza imekuwaje. Nikamwambia fomu ya uteuzi bado inataka jina la chama. Akaagiza kahawa nyingine.